Maswali na majibu: Clair de lune haikukupa ruhusa ya kuacha kuhesabu

Kila Clair de lune, kipande cha piano cha mtunzi Mfaransa Claude Debussy, inapotajwa, maswali hufurika. Mengi yana mzizi mmoja: watu wanaisikiliza mara mia kabla ya kuisoma karatasi ya noti mara moja.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeambiwa muziki huu ni wa hisia, basi naupiga kwa mwendo ninaojisikia tangu mwanzo. Niko sawa?

Marahaba. Hapana, hauko sawa. Maneno "Tempo rubato", yaani mwendo uliolegezwa, Debussy ameyaandika kwenye baa (kisehemu cha noti kati ya mistari miwili ya wima) ya 15. Angetaka mwendo ulegee tangu baa ya 1, angeyaandika pale. Baa 14 za kwanza zinadai 9/8 kamili: hesabu tisa, zimefungwa tatu tatu. Hesabu ya kwanza kabisa ni kimya, na sauti inaingia baada yake. Asiyehesabu huivuta sauti hiyo hadi kwenye pigo la kwanza, na tangu hapo mapigo yote yanakaa mahali pasipo pake.

Kisha zinakuja noti mbili zinazojaza nafasi ya noti tatu, na hapo ndipo wengi wanakisia. Usikisie. Gawa kila moja ya hesabu hizo tatu mara mbili, upate sita ndogo. Mkono wa kushoto ugonge meza kwenye 1, 3 na 5. Wa kulia kwenye 1 na 4. Ukizoea, nenda kwenye piano na metronomu (kifaa cha kupigia mwendo) ya milio 90 kwa dakika, mlio mmoja kwa kila hesabu kati ya zile tisa. Noti zilizounganishwa kwa tao zihesabiwe mpaka mwisho wake, maana wimbo huu unaning'inia juu ya mapigo makuu, na ukizikata mapema unaporomoka. Ukishaweza hivyo, baa ya 15 itakuwa na kitu cha kulegeza. Rubato ya mtu asiye na mwendo ni kuyumba tu.

Swali: Nakanyaga pedali mwanzo hadi mwisho lakini sauti inakuwa tope. Piano yangu ni mbovu?

Piano haina kosa. Badilisha pedali kila besi (noti ya chini) au kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapobadilika: piga noti kwanza, inua mguu papo hapo, kanyaga tena. Ukiinua kabla ya kupiga, unaacha shimo. Penye besi ndefu na kodi zinazotembea juu yake, inua mguu nusu tu, ili besi ibaki na ukungu upungue. Na lile neno "con sordina" (kwa kififisha sauti) mwanzoni ni pedali ya kushoto, ambayo wengi hawajawahi kuigusa.

Swali: Naomba noti rahisi, zilizohamishiwa kwenye Do.

Swali hili limeshajibiwa mara nyingi. Kipande kimeandikwa kwenye Re bemoli, na bemoli zake tano (alama za kushusha noti nusu hatua) zinaviweka vidole virefu juu ya funguo nyeusi, mahali vinapopumzika vyenyewe. Kwenye Do unapoteza faida hiyo pamoja na rangi ya sauti. Debussy alifariki mwaka 1918, kwa hiyo noti zake halisi zinapatikana bure na kihalali. Chukua hizo.

Swali: Kuanzia baa ya 27 mkono wa kushoto unaumeza wimbo. Nifanyeje?

Kwanza, "Un poco mosso" maana yake ni mwendo kidogo zaidi. Haisemi mara mbili. Wengi wanakimbia hapa, halafu "En animant" (ukichangamka) ya baa ya 37 inawakuta hawana pa kuongezea, na "Calmato" (kwa utulivu) ya baa ya 43 inageuka breki ya ghafla.

Kisha mkono wa kushoto. Zikusanye noti zake za kila pigo uzibonyeze pamoja kama kodi moja, ili mkono ujue umbo kabla ya kutembea. Ukizitawanya tena, angalia kidole gumba: ndicho kizito, na noti zake huchomoza bila kuitwa. Kifanye kiguse tu. Mkono wa kulia uzito uende kwenye noti ya juu, zilizo chini yake zibaki nyuma. Kilele chenyewe ni forte, yaani kwa nguvu, basi. Ukifika hapo unapiga kwa bega zima, sehemu yote inayofuata itasikika kama mabaki.

Swali: Inafaa harusini bibi harusi anapoingia?

Inafaa, ila jua unachokipiga. Jina limetoka kwenye shairi la Paul Verlaine la mwaka 1869, ambamo wenye barakoa wanaimba habari za mapenzi na maisha mema, nao wana huzuni chini ya mavazi yao na hawaonekani kuiamini furaha yao. Suite bergamasque, ambayo kipande hiki ni cha tatu kati ya vinne, ilichapishwa mwaka 1905. Ukiipiga kama bembelezo la mtoto, huzuni hiyo yote inapotea.

Swali: Kinanda cha umeme cha funguo 61 kinatosha?

Cha kujifunzia hesabu, ndiyo. Cha kuipiga nzima, hapana: besi za chini zitakosekana, na bila funguo zenye uzito hutajifunza pianissimo, yaani kupiga kwa sauti ndogo sana.

Swali: Nianze na kipi kabla ya hiki?

Gymnopédie ya kwanza, kipande cha piano cha polepole cha Erik Satie. Itakufundisha pedali na kuruka kwa mkono wa kushoto bila kelele.

Swali: Mwisho nipunguze mwendo kiasi gani?

Baa ya 66 imeandikwa "morendo jusqu'à la fin", yaani kufifia hadi mwisho, na kinachofifia kwanza ni sauti. Wanaoburuza mwendo hapo hujikuta kila noti imesimama peke yake, kwa sababu sauti ya piano inakufa kabla noti inayofuata haijafika. Endelea kuhesabu tisa, punguza uzito wa mkono baa kwa baa, na pedali uiinue polepole baada ya kodi ya mwisho kutimiza hesabu zake zote.