TBC ya babu na TBC ya mjukuu

SWALI: Nimebishana na mjukuu wangu. Anasema redio ya taifa imeanza kuitwa TBC juzi tu, zama za Kikwete. Mimi namkumbuka marehemu baba akiitaja TBC hata Uhuru bado. Au ndio uzee, nachanganya mambo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujachanganya, mzee mwenzangu, na mjukuu naye hajakosea. Herufi ni zile zile, ila T ya baba yako ilikuwa Tanganyika: Tanganyika Broadcasting Corporation, yaani Shirika la Utangazaji Tanganyika. Shirika hilo liliundwa mwaka 1956. Kituo chenyewe kililitangulia jina: kilianza 1951 kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mwanzoni kilisikika mjini humo na viungani tu.

Mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika, redio ikawa chini ya wizara na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD! Hapo ndipo ninapoingia mimi. Kwetu redio ilikuwa moja, ya baba mdogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mawe, yaani betri, yakichoka tunayaanika juu ya bati, yanapata nguvu ya taarifa ya habari moja, basi. Zikilia zile ngoma za kuashiria habari, hata mtoto mchanga ananyamazishwa.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Choo cha kwanza cha nyumbani kwetu kilitokana na redio, nasema bila aibu.

Na muziki je? Nchini hatukuwa na kiwanda cha santuri, hivyo bendi ziliingia studio za RTD na kurekodi kwenye tepu. Bila tepu hizo, dansi nyingi za enzi zile tungebaki kuzisimulia kwa mdomo. (Wapo wanaodhani redio ile ilikuwa hotuba tupu. Hawakuisikiliza Jumamosi usiku.)

Miaka ya 1990 vituo binafsi vikaingia, RTD ikakosa upweke wake. Mwaka 2002 redio na televisheni ya taifa zikawekwa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT, jina ambalo halikukaa midomoni mwa watu. Mwaka 2007 ndipo likaja Shirika la Utangazaji Tanzania, na zile herufi tatu zikarudi, safari hii T ikiwa ya Tanzania.

Sasa muulize mjukuu TUT ilikuwa nini. Akishindwa, soda analipa yeye.