Chuja kwa kitambulisho cha orodha, si kwa neno

SWALI: Habari fundi. Nasomea kompyuta Maseno, nakaa Kondele hapa Kisumu. Nimejiunga na orodha mbili za barua pepe, yaani makundi ya kujadiliana kwa barua pepe: ya lugha ya programu Python na ya watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa Debian. Niliweka kichujio kwenye Gmail: barua yoyote yenye neno "Python" iende kwenye lebo ya Python bila kupitia kikashani. Wiki jana nikakuta humo mwaliko wa mahojiano ya kazi, siku tatu baada ya tarehe yenyewe. Za Debian nazo bado zinajaa kikashani. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya kingine chochote, hakikisha hakuna barua nyingine iliyomezwa. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia: label:python -list:python-list.python.org. Utaona zile tu zilizoingia kwenye lebo hiyo bila kutoka kwenye orodha. Zirudishe kikashani leo hii.

Kosa ni kuchuja kwa neno. Mwajiri anayetafuta mtu wa Python lazima ataandika Python. Umetega wavu wa omena ukitaka mbuta, ukazoa kila kitu. Kwa Debian ni kinyume chake: orodha ile haibandiki jina lake kwenye mada, na anayeonekana kama mtumaji ni mwandishi mwenyewe, leo huyu, kesho yule. Hapo hakuna neno la kushika.

Kinachobaki palepale ni kitambulisho cha orodha. Tangu 2001, kwa hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 2919, programu za orodha huweka kwenye vichwa vya kila barua (mistari ya taarifa ambayo kwa kawaida huioni) mstari wa List-Id. Fungua barua moja, bonyeza vitone vitatu, uitazame katika hali yake asilia. Kwa Debian utakuta debian-user.lists.debian.org. Sasa tafuta list:debian-user.lists.debian.org na upitie matokeo kwa macho yako. Yakiwa sawa, yageuze kuwa kichujio: kipe lebo, ruka kikasha, kihusishe na barua za zamani pia. Fanya vivyo hivyo kwa Python, kisha ufute kile kichujio cha zamani; ukikiacha kitaendelea kumeza. Na usiamuru kichujio chochote kifute barua mpaka umekiangalia wiki mbili tatu.

Kazi hii ifanyie kwenye kivinjari, kwa maana programu ya Gmail ya simu haitengenezi vichujio. Ukishavitengeneza hufanya kazi kwenye seva, hivyo simu yako nayo itatulia. Vichujio vya Thunderbird, programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta, ni tofauti: hufanya kazi Thunderbird ikiwa imefunguliwa tu. Stima ikipotea chuoni na kompyuta ikazimika, simu itajaa kama zamani.

Halafu waandikie wale waajiri, hata kama tarehe imepita. Waeleze kwa ufupi kilichotokea na uombe siku nyingine.