Soya na uvimbe wa kizazi

Dada uliyeuliza kama uji wa soya unakuza fibroidi (uvimbe wa kizazi), usiumwage. Hofu inatokana na soya kuwa na kemikali zinazofanana kiasi na estrojeni, homoni ya kike, na kweli fibroidi hukuzwa na estrojeni na homoni nyingine ya kike, projesteroni. Lakini utafiti mkubwa wa wanawake weusi wa Marekani haukuona soya ikiongeza hatari. Huohuo uliona wanaokula matunda na mboga kwa wingi, hasa jamii ya machungwa, wakipata fibroidi kidogo zaidi. Hiyo ni kinga kidogo, si dawa ya kuyeyusha uvimbe uliokwisha kuota, hata wauza mitishamba waseme nini.

Chai ya kijani? Jaribio dogo la Misri (2013) lilipunguza uvimbe, ila kwa vidonge vya dondoo yake, si kikombe cha chai. Vidonge hivyo vikizidi huumiza ini.

Kama hedhi yako ni nzito, mimi ningehangaikia upungufu wa damu kwanza. Kula maharage, dagaa, matembele, kamulia limau. Chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya chakula, inazuia madini ya chuma. Ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, nenda kapime wingi wa damu na ultrasaundi.