Kindle Unlimited na ile PDF ya WhatsApp

SWALI: Riwaya yangu ya Kiingereza iko Amazon, na PDF yake naiuza WhatsApp. Nikiiingiza Kindle Unlimited, ile huduma ya Amazon ya kusoma vitabu kwa ada ya mwezi, nitapoteza nini?

JIBU: Hiyo PDF, kwanza kabisa. Unaingia kupitia KDP Select, mpango wa Amazon kwa waandishi wanaojichapishia vitabu, na sharti lake ni kwamba nakala ya kidijitali isipatikane kwingine kwa siku 90, hata bure. Sampuli ya hadi asilimia 10 inaruhusiwa. Kitabu cha karatasi uza popote. Tangu Julai 2015 malipo ni kwa kurasa zilizosomwa, na msomaji akirudia ukurasa hulipwi tena. Riwaya nene inayoshika msomaji hufaidi. Kijitabu cha kurasa 30, sahau. Wanaponaswa wengi ni hapa: mkataba hujihuisha wenyewe. Ukitaka kutoka, ondoa tiki ya kujihuisha kabla siku 90 hazijaisha, na PDF isirudi sokoni mapema.