Nataka kuwa afisa wa sheria za gofu: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, nacheza gofu wikendi na handikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada ninayoruhusiwa, ni 26. Likizo ikifika klabu yetu huandaa mashindano ya watoto, na kila mara tunakosa watu wa kuamua mambo ya sheria uwanjani. Ningependa kujitolea. Je, handikapu kubwa namna hii itanizuia? Mafunzo yanapatikana wapi, na siku ya kwanza nitarajie nini?

JIBU: Haitakuzuia hata kidogo, Mwalimu. Kinachopimwa ni ujuzi wa sheria, si idadi ya mikwaju unayopiga. Isitoshe, mchezaji wa handikapu 26 ameshaingia vichakani, majini na nje ya mipaka mara nyingi, kwa hiyo mtoto aliyekwama akimwita anaelewa upesi shida iko wapi.

Mafunzo yenyewe hayana mzunguko mrefu. Sheria za gofu hutungwa na R&A ya St Andrews, Scotland, pamoja na USGA ya Marekani; Kenya iko chini ya R&A, kupitia Kenya Golf Union. Ngazi ya kwanza ni kozi ya intaneti kwenye tovuti ya R&A, haina malipo, na ukipita mtihani unapata cheti. Ngazi ya pili ni semina yenye mtihani mgumu zaidi, na kwa kuwa huandaliwa pamoja na chama cha taifa, mwambie nahodha au katibu wa klabu mapema kwamba unaitaka. Ngazi ya tatu ni ya wanaosimamia mashindano makubwa. Hiyo iache kwanza. Pakua pia programu ya sheria ya R&A kwenye simu. Hakikisha unasoma toleo lililoanza kutumika Januari 2023, lenye sheria 25, maana vitabu vya kabla ya 2019 bado vimo katika makabati ya klabu na vitakupotosha: vinasema mpira hutafutwa dakika 5 na hudondoshwa kutoka begani. Siku hizi ni dakika 3, na hudondoshwa kutoka usawa wa goti.

Unaposoma, anza na maana za maneno nyuma ya kitabu, kisha Sheria ya 2, inayougawa uwanja katika sehemu tano: eneo la tii (pa kuanzia) ya shimo unalocheza, maeneo ya adhabu (kama maji, yenye vigingi vyekundu au vya manjano), mabanka (mashimo ya mchanga), grini (nyasi fupi penye bendera) ya shimo unalocheza, na eneo la jumla ambalo ndilo sehemu yote iliyobaki. Chukua jioni moja, tembea uwanja wenu na kitabu mkononi, na katika kila shimo jiulize mpira ukianguka pale uko sehemu ipi. Zoezi hili linafundisha kuliko maswali mia ya karatasi, kwa sababu karibu kila uamuzi unategemea mpira umelala wapi. Maafisa wapya wengi wanaokosea wanaijua sheria vizuri, ila wameitumia mahali isipohusika.

Nikuonyeshe kwa kisa cha kawaida: shimo la fuko. Mtoto anainua mkono, unafika, anakwambia, “Refa, mpira wangu uko kwenye shimo la fuko, nisogeze?” Ulimi unataka kusema ndiyo. Uzuie. Kwanza uliza kama ni mpira wake na ameutambuaje. Pili, tazama vigingi: ukiwa ndani ya eneo la adhabu hapati nafuu ya bure (ruhusa ya kusogeza mpira bila adhabu) kwa shimo la mnyama, aucheze ulivyo, au atoke kwa mkwaju mmoja wa adhabu. Tatu, uliza kinachomzuia ni nini hasa. Je, ni pale mpira ulipolala, anaposimama, au fimbo inapopita? Rundo la udongo lililo mbele yake, kati ya mpira na grini, si kizuizi isipokuwa mpira wenyewe uwe kwenye grini. Nne, inua macho uangalie kilicho juu ya mpira. Ukiwa umeingia chini ya kichaka cha miiba kiasi kwamba hata pasipo fuko asingeweza kuupiga kwa namna ya busara, Sheria ya 16.1 haimpi nafuu. Fuko hawi tiketi ya kutokea kichakani.

Akistahili, usimruhusu aokote mpira bado. Hapa ndipo mambo huharibika. Mwonyeshe kwanza sehemu ya karibu zaidi ambapo shimo la fuko halimzuii kabisa, na ambayo haikaribii bendera. Aisimamie kwa fimbo ambayo angeitumia pale mpira ulipo, achomeke kitii (kijiti cha kuwekea mpira). Neno la sheria ni “karibu zaidi”, si “pazuri zaidi”: pakiwa kwenye nyasi ndefu, basi ni hapo, hana uhuru wa kuchagua upande. Akishaona hapo panamfaa, ndipo aokote. Akiokota kwanza kisha akabadili mawazo na kuurudisha, analipa mkwaju mmoja. Kutoka kwenye kitii anapima urefu wa fimbo moja, ile ndefu kuliko zote katika mfuko wake wa fimbo isipokuwa pata (fimbo ya kwenye grini), na anadondosha mwenyewe kutoka gotini. Mpira lazima uanguke ndani ya eneo hilo na usimame ndani yake. Ukitoka nje, anarudia. Ukitoka mara ya pili, anauweka kwa mkono pale ulipogusa ardhi katika mdondosho huo wa pili. Mdondosho wa begani hauhesabiwi kabisa. Anarudia tu, bila adhabu, alimradi hajaupiga.

Vichuguu vya mchwa na siafu ni habari nyingine. Wadudu na minyoo hawahesabiwi katika mashimo ya wanyama. Vilima vyao ni takataka za kuondolewa kwa mkono. Lakini kichuguu kigumu kama tofali hakiondoleki, na hakuna nafuu ya bure mpaka Kamati ya mashindano iwe imetangaza kwenye sheria za uwanja kwamba vya aina hiyo ni sehemu inayotengenezwa. Kama uwanja wenu unavyo, peleka hoja hiyo kwa Kamati wiki moja kabla. Siku yenyewe utakuwa umechelewa.

Vigingi vyekundu na vya manjano ndivyo vitakavyokuita zaidi. Kabla ya kuzungumzia kutoka, hakikisha mpira uliingia kweli. “Nadhani umeingia” haitoshi. Sheria inataka uhakika wa angalau asilimia 95, vinginevyo mpira umepotea na anarudi alikopigia. Pakiwa pa manjano ana njia mbili za kutoka, zote kwa mkwaju mmoja: kurudi alikopigia, au kurudi nyuma kwenye mstari unaounganisha shimo na sehemu ulipovukia mpakani, umbali wowote anaotaka. Pakiwa pekundu anaongezewa ya tatu, urefu wa fimbo mbili kutoka ulipovukia, pasipo kukaribia shimo. Watu wazima wengi husahau mabadiliko ya 2023 kwenye mstari wa nyuma: mpira unadondoshwa juu ya mstari wenyewe, na ukisimama ndani ya fimbo moja kutoka ulipogusa ardhi, upande wowote, ni halali hata ukibingirika mbele kidogo. Wewe kazi yako ni kumtajia njia zote. Usimchagulie. Kutaja sheria si ushauri, lakini kusema “mimi ningerudi nyuma” ni kucheza badala yake.

Mkiitwa Kisumu kusaidia, kumbukeni uwanja wa klabu ya Nyanza uko jirani na Ziwa Victoria, na kiboko hupanda nchi kavu kula majani. Sheria ya 16.2 inahusu mnyama hatari aliye karibu na mpira: mchezaji anapata nafuu bila adhabu, kwa utaratibu uleule wa fimbo moja, kutoka sehemu ya karibu isiyo na hatari hiyo. Mpira ukiwa ndani ya eneo la adhabu, nafuu ya bure inabaki ndani ya eneo hilohilo. Akitaka kutoka nje, analipa mkwaju mmoja. Hivyo hivyo kwa nyoka mwenye sumu na nyuki. Ila kabla ya kufungua kitabu, waondoe watu. Mpira unaweza kubadilishwa na mwingine, kwa hiyo hakuna mtoto anayepaswa kuufuata.

Kuhusu lini uingilie kati: katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, ukiona kosa au ukaambiwa, unawajibika kuchukua hatua, hata kama hujaitwa. Katika mechi ya mtu kwa mtu hali ni tofauti. Kama hukupangiwa mechi hiyo moja kwa raundi nzima, huna mamlaka ya kuingilia mpaka mmoja wao aombe, isipokuwa kwa mambo machache kama utovu wa nidhamu au kuchelewesha mchezo. Ukiwahi kuruka uzio huu, umebadilisha matokeo ya mechi ambayo wenyewe walikuwa wanaimudu.

Na kama hakuna afisa karibu? Wafundishe watoto Sheria ya 20.1c kabla ya kuanza. Anayehesabu mikwaju akikosa uhakika anaweza kumaliza shimo kwa mipira miwili, na inafaa aseme mapema upi anataka uhesabiwe, lakini ni lazima aieleze Kamati kabla ya kurudisha kadi, hata kama mipira yote ilitoa alama sawa. Asipoieleza Kamati, anaondolewa mashindanoni, na inauma sana kumwondoa mtoto kwa sababu alinyamaza.

Wazazi nao wanataka uangalizi wa upole. Baba akimchagulia fimbo kwa sauti, “chukua aini saba!” mara moja, mtoto hajakosa, hakuomba. Lakini akiendelea kupokea ushauri kutoka kwa mtu huyo bila kumzuia, huhesabiwa kana kwamba ameomba, nayo ni mikwaju miwili. Zungumza na mzazi pembeni mara ya kwanza tu unapomsikia. Mwambie, “Mzee, mwanao ndiye atakayelipa.” Kwa kawaida hiyo inatosha.

Jambo ambalo huku magharibi halina mzaha ni radi. Kuanzia Kericho hadi Kakamega na Kisumu, mawingu hupanda mchana na mvua ya ngurumo inafika kabla raundi ya alasiri haijaisha. Jifunze milio ya king'ora uijue usingizini: mmoja mrefu ni kusimama papo hapo, mitatu mifupi ni kusimama kwa kawaida, miwili mifupi ni kurudi kucheza. Kwa mlio mrefu, hakuna anayepiga tena, hata kama mpira uko sentimita kumi kutoka shimoni. Akipiga, ni mikwaju miwili. Kwa mitatu mifupi, kundi lililoshaanza shimo linaweza kulimaliza; katika mchezo wa mikwaju kila mmoja huamua mwenyewe, mradi anayemwandikia alama abaki naye. Mpira unaweza kuachwa au kuwekewa alama na kuokotwa. Waambie watoto tangu asubuhi kwamba mchezaji anayeona kuna hatari ya radi ana haki ya kusimama mwenyewe bila kusubiri king'ora, kisha airipoti kwa Kamati haraka. Kwenye mkutano wa asubuhi ulizeni nani ana king'ora, gari lipi linakusanya watoto na kwenda jengo lipi. Chini ya mti si jibu.

Fika dakika 90 kabla ya kundi la kwanza kuanza. Soma sheria za uwanja zilizobandikwa, kisha zungukia vigingi. Kimoja kilichong'olewa na mkata nyasi kinaweza kuleta mgogoro wa saa nzima. Mfukoni uwe na kitabu au programu, saa ya kupimia muda, kalamu na daftari, tepu ya kupimia, na uzi wa mita 30 wa kunyoosha kati ya vigingi vyeupe viwili mpira unapokuwa ukingoni. Mpira uko nje ya mipaka pale tu unapokuwa wote nje. Saa ni muhimu kuliko unavyodhani: dakika 3 zinaanza mchezaji au kedi wake (mbeba fimbo) anapoanza kutafuta, si wewe unapofika. Kwenye tii ya kwanza pia, anayechelewa hadi dakika 5 anaongezewa mikwaju miwili, na zaidi ya hapo hachezi.

Raundi yako ya kwanza omba uandamane na afisa mzoefu, usikilize tu. Ukianza peke yako, andika kila uamuzi papo hapo: saa, shimo, mchezaji, maelezo yake kwa maneno yake, na namba ya sheria. Usipokuwa na hakika, mwambie mchezaji, “Nipe dakika moja,” fungua kitabu au uite afisa mkuu kwa redio. Hakuna atakayekudharau kwa kusoma. Ukija kugundua umekosea, toa taarifa mara moja, kwa sababu Kamati inaweza kurekebisha katika mchezo wa mikwaju kabla mashindano hayajafungwa, na mtoto aliyefuata uamuzi wako mbaya hapewi adhabu kwa kukutii.