Nusura zigongane: maswali yenu kuhusu ndege

Juma lililopita nilisimulia kisa cha Austin, Texas, cha tarehe 4 Februari 2023. Ukungu ulikuwa mzito. Mwongoza ndege alikuwa ameshairuhusu ndege ya mizigo ya FedEx itue, kisha akairuhusu ya abiria, ya Southwest, iruke kutoka njia ile ile, akitarajia itaondoka upesi. Ikachelewa. Marubani wa FedEx waliona taa zake ukunguni, wakapandisha ndege yao, na zikapishana kwa chini ya futi 200. Ndani ya ndege zote mbili mlikuwa na watu 131. Barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi, nami najibu chache.

*Naishi Lang'ata. Tangu ndege zile mbili zigongane mwaka 2024, kila nikisikia mlio juu ya paa moyo unanienda mbio. Nina sababu ya kuogopa? (Mama wa watoto watatu)*

Pole sana, mama. Sitakwambia hofu yako ni ya bure. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Waliokuwa kwenye Cessna, mwalimu na mwanafunzi wake, walifariki. Dash 8 ilirudi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na watu wake wote 44 wakashuka wazima.

Wilson ina shida yake. Anga moja inatumiwa na mwanafunzi anayerudiarudia zoezi la kutua, na papo hapo na ndege za abiria za kwenda Maasai Mara au Lamu, zenye kasi kubwa kuliko yake. Kwa ndege nyingi pale, macho ya rubani bado ni ulinzi mkubwa, na macho huchoka, hupigwa na jua, au huzibwa na bawa. Mimi naamini wanaoanza kujifunza wangetengewa saa zao, au kiwanja chao kabisa mbali na jiji. Huna haja ya kuhama, mama, ila una haki ya kuwadai wakubwa hilo.

*Tulikaribia kutua Embakasi, ghafla ndege ikapaa tena. Tuliponea chupuchupu? (Mfanyabiashara, Eastleigh)*

Yaelekea hapana. Nami yalinikuta nikitoka Kisumu. Magurudumu yalishashuka kwa kishindo, magari ya Mombasa Road nayaona moja moja, mara injini zikanguruma na mgongo wangu ukabanwa kitini. Mama niliyekaa naye alinishika mkono, akaanza kusali kimyakimya. Kimya kilikuwa kirefu mno, na hapo nawalaumu marubani, kwani hata neno moja lingetutuliza. Hatimaye tukaambiwa kulikuwa na ndege ambayo haijaondoka njiani.

JKIA, uwanja huo wa Embakasi, ina njia moja tu ya kurukia. Aliyetua akichelewa kidogo kutoka, anayefuata hupandishwa akazunguke. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Rubani anayekataa kutua amekulinda, hata kama amekumwagia chai.

*Ndege zinatakiwa zipishane kwa umbali gani? (Mwanafunzi, Juja)*

Zikiwa safarini, futi 1,000 kwenda juu, kama majengo matatu ya KICC yaliyobebana, au maili 5 za anga kwa upande pale penye rada. Karibu na kiwanja upande hupungua hadi maili 3.

*Kwa nini kompyuta isiwazuie kugongana? (Fundi wa simu, Luthuli)*

Ipo, ndugu yangu. Ndege kubwa za abiria zina mtambo unaozungumza na mwenzake wa ndege ya pili. Mmoja humwambia rubani apande, wa pili humwambia wake ashuke. Lakini karibu na ardhi amri hizo huzimwa, na ndege ndogo za mafunzo kwa kawaida hazina mtambo huo.

Tena mtambo hufaa ukitiiwa. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, mtambo uliwaambia marubani wa ndege moja wapande, mwongoza ndege akawaambia washuke. Wakamtii mtu. Ndege ya pili nayo ilikuwa inashuka kwa amri ya mtambo wake. Walikufa watu 71. Leo agizo liko wazi: wawili hao wakitofautiana, fuata mtambo.

*Mwongoza ndege aliyekosea si afungwe tu? (Mzee mstaafu, Ngong)*

Shikamoo mzee. Nakuelewa, ila hapa sikubaliani nawe. Baada ya ndege mbili kugongana Tenerife tarehe 27 Machi 1977 na kuua watu 583, wachunguzi walisikiliza kila neno lililosemwa redioni. Ndipo ikaamuliwa kwamba neno la "kuruka" lisitamkwe na yeyote mpaka wakati wa kutoa kibali chenyewe au kukifuta, na kwamba rubani arudie sehemu muhimu za kibali alichopewa. Kanuni hiyo inamlinda mjukuu wako akisafiri leo.

Anayekusudia uovu, au anayeingia zamu amelewa, ashtakiwe. Lakini yule aliyechanganya namba za ndege mbili zinazofanana saa tisa usiku, nusura ndege zigongane, ni yeye tu anayejua ilivyokuwa. Ukimtisha kwa pingu atanyamaza. Na wenzake kumi waliokosea vivyo hivyo wiki hiyo watanyamaza pia, mpaka siku ndege zitakapogongana kweli.