Majike wawili wanaogombana nyumbani

Ndugu, umeeleza kwamba mbwa wako wawili wa kike, waliolala banda moja kwa miaka bila matata, sasa wanararuana kila sufuria ya ugali na dagaa inapotolewa, na kwamba jirani amekushauri uwaache wapigane hadi mmoja akubali kushindwa. Nakusihi usifuate ushauri huo, kwa kuwa ugomvi wa majike wa nyumba moja mara nyingi huzidi ukali kila unaporudiwa.

Watenganishe leo hii, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo yule aliyebadilika, kwani maumivu ya meno, masikio au viungo huweza kumfanya mbwa mpole awe mkali ghafla. Kila mmoja ale kwenye bakuli lake, mahali wasipoonana, na vyombo viondolewe wakimaliza. Jifunze pia kuisoma miili yao: kabla ya kurukiana, mbwa hukakamaa, hufumba mdomo na kumkodolea mwenzake macho, huo ndio wakati wa kuwaita, meno yakiwa bado hayajazama.

Wakishikana, usiwakamate shingoni. Wamwagie maji au uingize ubao katikati yao. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali bila kuchelewa, hata kama mbwa wamechanjwa kichaa.

Wakishatulia, watembezeni mkiwa watu wawili, kila mbwa na kamba yake, mkianza mbalimbali na kusogeleana siku kwa siku.